Jogoo wa Mtaa wa Kisima

"Mama Carmosina, kwa mara ya mwisho," alisema Inspekta Salvagni. "Muhuri wako wa mkate uko wapi?"

"Mara ya mwisho ilikuwa jana, mwanangu. Na juzi nayo ilikuwa ya mwisho. Leo Jumapili, pumzisha mdomo."

Koplo Pinto aligeukia ukuta akajifanya anakohoa.

Mama Carmosina Lospinuso alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi cha Pietrafosca, nguo nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi, mgongo umenyooka. Ungeingia bila kujua habari ungedhani kituo ni chake na hawa wanaume watatu wamekuja kuomba kazi. Hakufungwa pingu. Kituo kilikuwa na pingu moja tu, na Pinto alikuwa ameifungia kabati la chakula, kujilinda na nafsi yake.

Mwanamume wa tatu alikuwa Sajini Battista Carminati, mtu wa Bergamo, kaskazini kabisa. Koti lake la jeshi lilikuwa la mtu mnene. Mtu huyo mnene alikuwa yeye mwenyewe, kabla ya Ujerumani.

"Rudia, Sajini," alisema Salvagni. "Polepole."

"Nimesharudia mara nne. Mama amesikia."

"Mama amesikia. Mimi ndiye sijashiba."

Sajini alivuta pumzi. "Septemba ya arobaini na tatu. Serikali imetia sahihi amani na Waingereza na Wamarekani, mfalme kakimbia, majenerali wamekimbia, sisi askari tumeachwa barabarani. Jana yake Mjerumani ni rafiki, leo anatukusanya kama kuku. Mimi na vijana wangu watatu tukajificha kwenye mapango ya korongo lenu. Kila alfajiri kikapu kilishuka kwa kamba. Ndani yake mkate. Aliyeshika kamba hatukumwona hata siku moja. Jumapili ya pili mkate ukaja, na kabla hatujaumaliza Wajerumani nao wakaja. Walijua tulipo, Inspekta. Hawakutafuta. Walikuja moja kwa moja."

"Na mkate ulikuwa na alama gani?"

"Jogoo. Kilemba kimevunjika."

"Wangu," alisema Mama Carmosina. "Nimeshakataa lini?"

Kwetu tanuri ni moja kwa mtaa mzima, kwa hiyo kila nyumba ina muhuri wake wa mti, na hupigwa juu ya unga uliokandwa kabla haujaingia motoni, jirani asije akaondoka na mkate wako kwa bahati mbaya, au kwa bahati nzuri yake. Kuna nyumba za msalaba, nyumba za ufunguo, nyumba moja ina mbuzi. Jogoo aliyevunjika kilemba ni mmoja tu Pietrafosca nzima, na anajulikana kuliko meya.

"Aliyetuma mkate ndiye aliyejua tulipo," alisema Sajini. "Aliyejua tulipo ndiye aliyetuuza. Tullio na Gildo wamekufa kambini. Wajerumani walitujia kila wiki na karatasi zao, tia sahihi, pigana upande wetu, utakula supu nzito leo hii. Tulisema hapana. Kila wiki hapana. Tullio alisema hapana akiwa hawezi kusimama, tumemshika huku na huku. Sasa nataka kujua ni nani aliyewauza watu wa namna hiyo."

Mama Carmosina alimtazama kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Halafu akageuza macho dirishani.

"Sina la kusema."

"Mama," alisema Salvagni, "saa tisa gari la wafungwa linakuja kukuchukua, kukupeleka mahakamani Potenza. Wanaofika kule kwa kesi za kuwauzia Wajerumani watu hawarudi mwezi ujao. Wengine hawarudi. Ulikuwa unafanya nini wiki ile?"

"Nilikuwa naomboleza. Habari ya Donato wangu, kwamba amebaki kwenye theluji ya Urusi, ililetwa siku ileile redio ilipotangaza amani. Watu walikuwa wanacheza uwanjani. Mimi nilifunga dirisha." Akanyoosha sketi yake magotini. "Hilo umeliuliza, nimelijibu. Mengine hapana."

Salvagni alichukua kofia. Alishuka ngazi za kituo, Pinto nyuma yake akihema. Ngazi ya mwisho akasimama ghafla, Koplo akamgonga mgongoni kwa tumbo.

"Pinto, kwenu Napoli, nyumba yenye msiba inapika?"

"Inapika nini, Afande? Majirani ndio wanaleta. Marehemu shangazi yangu alipokufa tulinenepa."

"Na kwetu bonde la pili vilevile. Hapa je? Yule mama alikuwa na msiba tangu siku ya amani. Jogoo kaonekana pangoni Jumapili ya pili. Msiba wa mtoto pekee, na bado wa moto. Nani alikanda ule unga?"

Pinto alifikiri, jambo lililomchukua muda. "Mzimu?"

"Twende tanurini."

Mzee Eustachio, mwokaji, alikuwa anafagia majivu, kwa sababu Jumapili tanuri la Mtaa wa Kisima hulala. Alipoona kofia ya Inspekta aliinua ufagio kama bunduki.

"Kama ni habari ya Wajerumani, ndiyo, niliwaokea. Walinisimamishia mtu na bastola pale mlangoni, anapiga miayo. Niliwatilia chumvi mpaka wakakausha kisima. Nifungeni."

"Leo sifungi watu wa chumvi," alisema Salvagni. "Mzee, Wajerumani walikuwa wanaingia humu kila siku. Ulipata nafasi nzuri ya kuwanong'oneza."

"Kwa Kijerumani? Mimi Kiitaliano chenyewe kinanipiga chenga." Mzee aliegemeza ufagio. "Na nikinong'ona, nalala wapi usiku? Uwaone wanawake wa mtaa huu. Mjerumani ana bastola, wao wana vijiti vya kusukumia unga."

"Wiki ile, Mama Carmosina alileta unga?"

"Ataletaje? Nyumba yake ilikuwa na msiba. Hapa kwetu, mwenye msiba hagusi unga mpaka misa ya mwezi ipite. Hata wewe unajua."

"Najua. Ndiyo maana nauliza. Kwa hiyo jogoo hakuonekana tanurini wiki ile."

Mzee Eustachio aliinama akaokota jivu ambalo halikuwepo.

"Mzee."

"Sikusema hakuonekana."

"Alionekana?"

"Inspekta, mimi naoka. Sisomi mikate."

"Wangapi?"

Mzee alitazama mlango, akatazama Pinto, akatazama dari. "Walijaa," alisema hatimaye. "Kulikuwa na jogoo wengi kuliko misalaba. Nilidhani kuku wa Pietrafosca nzima wamehamia kwangu. Na sitasema neno lingine, hata ulete hiyo pingu yenu ya kabati."

Nje, Pinto alijikuna shingo. "Sasa Afande, jogoo wa nyumba moja anajaaje tanuri, na mwenyewe yuko ndani analia?"

"Kwa kutembea," alisema Salvagni. "Muhuri ulitembea. Tuutafute. Na wewe usiseme kitu. Usimuulize mtu kama aliutumia, wameapishwa hawa. Nitazame mimi."

Mlango wa kwanza baada ya nyumba ya Mama Carmosina ulikuwa wa Bi Serafina, aliyekuwa anajifunga kitambaa cha kanisani huku ana pini mdomoni.

"Bi Serafina, samahani. Mama Carmosina anakwenda Potenza leo. Anataka muhuri wake. Anasema haondoki bila jogoo wake."

Pini zilimtoka mdomoni. "Maskini dada yangu! Kweli, huo muhuri ni wa bibi yake. Lakini mimi sinao, mbona nilishampa Addolorata..." Mkono ulipanda ukafunika mdomo, umechelewa.

"Asante, Bi Serafina."

"Sikusema kitu!"

"Na mimi sikusikia."

Bi Addolorata alikuwa mlangoni tayari, kitabu cha sala kwapani, na alikuwa na masikio ya kuchagua. Swali la kwanza hakulisikia. La pili alisema hali ya hewa ni nzuri. Salvagni alipotaja kwamba Mama Carmosina atasafiri mikono mitupu kama mwizi, masikio yalifunguka.

"Mikono mitupu? Mwanamke yule? Sikiliza kijana, mwambie asilie. Muhuri wake uko salama, sisi si watu wa kupoteza vya watu. Kamuulize Nunzia."

"Alikupa wewe au wewe ulimpa?"

"Kanisani nachelewa."

Bi Nunzia aliwajibu kutoka roshani ya juu, kwa sauti ya kusikika mpaka Potenza. Hakuwa nao. Aliutoa. Alimpa nani? Alimpa mwenye zamu. Zamu ya nini? Hapo Bi Nunzia alikumbuka ana maziwa jikoni.

"Mwenye zamu anakaa wapi, Bi Nunzia?" aliita Pinto, aliyekuwa ameshasahau amri ya kunyamaza. "Tusaidie, miguu yangu si ya serikali, ni yangu!"

Kichwa kilirudi kwenye roshani. "Pandeni mtaa mpaka juu. Nyumba ya mlango wa shaba."

Salvagni na Pinto walitazamana.

Mlango wa shaba ulikuwa mmoja tu. Nyumba ile ilikuwa ya aliyekuwa katibu wa chama cha Mashati Meusi, Wafashisti wetu, mtu aliyekuwa akitutembeza uwanjani kila Jumamosi kwa filimbi, vizee na watoto, kushoto kulia, mpaka viatu vikaisha. Chama kilipoanguka alikimbilia kaskazini. Mkewe, Bi Ersilia, alibaki. Tangu hapo hakuna aliyempitia kumsalimu mchana. Salvagni alidhani pia hakuna aliyempitia usiku, na hapo alikuwa amekosea.

Aliwafungulia mwenyewe. Alisikiliza habari ya Potenza hadi mwisho, bila kukatiza. Kisha aliingia chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye skafu ya hariri, akakiweka mezani. Jogoo wa mti, mweusi kwa uzee, kilemba kimevunjika.

"Huu. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Baadaye Wajerumani waliondoka, na nikaona haya kuurudisha mchana watu wanaona."

"Zamu," alisema Salvagni.

"Unajua tayari, usinichezee. Wiki ile kulikuwa na askari kila pango. Wetu na wa wenzetu, wa Bergamo, wa Sisilia, wa Sardinia. Mkate wa kuwapelekea ulikuwa wa kila nyumba. Lakini Mjerumani akikamata mkate mmoja wenye alama, anakwenda kwenye nyumba hiyo na kibiriti. Carmosina akatuita kisimani. Akasema, pigeni wangu mimi. Mikate yote ya mapangoni iwe na jogoo. Wakiukamata watakuja kwangu, na kwangu hawana cha kunichukulia tena."

Pinto alivua kofia. Hakuna aliyemwambia.

"Na mkate wa Jumapili ile, pango la watu wa Bergamo?" aliuliza Salvagni. "Nani alikuwa na zamu?"

"Mimi."

"Na kapteni wa Kijerumani alikuwa anakula wapi?"

"Hapo ulipokaa." Alinyoosha kidole. "Alikaa hapo anakunywa mvinyo wa mume wangu, na mimi niko jikoni nagonga muhuri. Akauliza kelele ya nini. Nikamwambia napondaponda nyama. Akasema harufu nzuri."

"Bi Ersilia, unasikia unachosema? Mumeo mtu wa chama. Kapteni mezani kwako. Mkate wako."

"Nasikia vizuri. Ndiyo maana Carmosina hasemi. Anajua akitaja zamu, mji mzima utasema ni mimi, na hawatangoja gari la saa tisa." Alikunja ile skafu pembe kwa pembe. "Mume wangu alikuwa wa chama, Inspekta. Mimi nilikuwa wa jikoni. Kama mnanichukua nivae koti."

Barabarani Pinto alishindwa kujizuia. "Afande, tumempata!"

"Tumempata aliyekanda unga."

"Lakini kila kitu kinamwelekea!"

"Kila kitu kilimwelekea Carmosina asubuhi, na ulikuwa na uhakika uleule. Fikiri. Kama Ersilia alitaka kuwauza, alikuwa na mapango mangapi ya kuuza? Yote. Alijua yote. Kwa nini pango moja? Kuna kitu kilitokea kwenye pango lile ambacho hakikutokea kwenye mengine." Alitazama mnara wa kanisa, ambako kengele ya kwanza ya misa ilikuwa inamalizikia. "Wajerumani walikuwa na watu wa kuchungulia wapi?"

"Sajini alisema ng'ambo ya korongo. Kwenye zizi la mchungaji, na darubini."

"Nenda zizini. Ukifika, tazama huku pangoni. Ukimwona mtu, awe mimi, awe Sajini, awe mbuzi, toa leso upunge. Usipoona mtu, usipunge."

"Zizini? Kwa miguu?"

"Nimeona chini, kuna njia ya punda. Itakufahamu."

Pango lilikuwa pana, kichwa chake kimeinama mbele kama ukingo wa kofia. Ndani kulikuwa na giza la kutosha kuficha kikosi. Sajini Carminati, ambaye Salvagni alimpitia kituoni, aliingia akasimama katikati bila kugusa ukuta. Aliweza kuonyesha alipolala kila mtu: hapa Gildo, hapa Tullio, hapa Pasquale ambaye alirudi naye mzima, hapa yeye.

Salvagni alitembea ndani, akarudi, akaenda kulia, akaenda kushoto. Ng'ambo, kwenye zizi, alisimama mtu mnene, mikono kiunoni. Hakupunga.

"Kutoka kule hatuonekani," alisema Inspekta.

"Ndiyo. Tulilijua hilo. Mimi ndiye niliyepiga marufuku mtu kusogea mlangoni mchana. Tulifuata, Inspekta. Sisi si watoto. Siku zote zile Wajerumani wako kule, na hawakutuona."

"Mpaka Jumapili. Mlikuwa wapi walipopiga risasi ya kwanza?"

"Hapo." Alionyesha jiwe bapa nje ya mlango, peupe, juani.

"Wote wanne?"

"Wote."

"Kwa nini?"

Sajini alikunja uso. "Sijui. Labda tulikuwa tunakula. Ndani giza."

"Siku nyingine mlikula gizani. Marufuku ilikuwa yako. Nani aliivunja?"

"Nimekwambia sikumbuki. Ukipigwa risasi juu ya kichwa hukumbuki ulikuwa unafanya nini kabla yake. Nakumbuka mkate mkononi, nakumbuka jogoo, nakumb..."

Juu mjini, kengele kubwa ilipiga. Pigo moja zito, kimya, pigo la pili. Ilikuwa kengele ya mageuzo, padri anapoinua Hostia, mkate mtakatifu, na kwetu aliye shambani huacha jembe, aliye njiani hushuka punda.

Sajini Carminati hakumaliza neno. Kofia ilikuwa mkononi. Alipita mbele ya Salvagni, akatoka pangoni, akaenda mpaka kwenye lile jiwe bapa, mahali pekee ambapo mnara wa kanisa unaonekana kutoka kule chini, akapiga magoti, kichwa kimeinama, jua lote mgongoni.

Salvagni mwenyewe alijikuta ameshashika kofia na goti moja limeanza kulegea. Alilikaza. Akatazama ng'ambo.

Zizini, Koplo Pinto alikuwa anapunga leso kwa mkono mzima, kama mtu anayeaga meli ya Marekani.

Pigo la mwisho likapita. Sajini alijipiga ishara ya msalaba, akainuka, akapangusa goti. Ndipo alipoiona leso.

"Yule nani?"

"Koplo wangu. Nilimwambia apunge akimwona mtu."

Sajini aliitazama leso. Akalitazama jiwe alilosimama. Akageuka kuutazama mnara. Koti lile pana lilitulia kabisa juu ya mwili wake.

"Ilikuwa Jumapili," alisema.

"Ilikuwa Jumapili."

"Ilipiga. Ndiyo. Ilipiga, na mimi..." Aliketi juu ya jiwe. "Tullio alisema tukae ndani. Alisema, Sajini, Mungu anaona mpaka pangoni. Nikamwambia tumepoteza bunduki, tumepoteza mfalme, tumepoteza hata suruali nzuri, hili moja hatulipotezi. Askari hapigi magoti kwa kujificha. Nikawatoa nje mimi. Kwa amri."

Salvagni alikaa kando yake. Ng'ambo, Pinto bado alikuwa anapunga, maana hakuna aliyemwambia aache.

"Hakuna aliyewauza, Sajini."

"Hakuna," alisema mtu wa Bergamo. "Miaka miwili namtafuta."

Walipopanda mjini misa ilikuwa imetoka, na mbele ya kituo wamejaa wanawake wa Mtaa wa Kisima, nguo nyeusi tupu, vitabu vya sala mikononi wameshika kama matofali. Bi Ersilia alikuwa miongoni mwao, amevaa koti. Alikuwa amekuja kujitaja. Bi Nunzia alikuwa amemshika mkono asiingie, Bi Addolorata mkono wa pili, na wote watatu walikuwa wanagombana kwa minong'ono ya kusikika uwanja mzima.

"Mwacheni aingie!"

"Aingie kufanya nini? Kujifunga?"

"Ingieni wote," alisema Salvagni.

Mama Carmosina alikuwa palepale kwenye benchi. Alipomwona Ersilia uso ulimkauka. "Nilisema kila mtu akae kwake. Hamna masikio?"

"Mama," alisema Inspekta, "habari ya zamu ninayo. Hainihusu tena. Sajini ana neno."

Sajini Carminati alisimama mbele ya benchi. Alijaribu kusimama kijeshi, koti likamteleza bega moja. Aliyasema yote: kengele, jiwe, Tullio, amri. Hakujipunguzia hata neno. Alipomaliza, hata Bi Addolorata alikuwa amesikia.

"Mama, nimekuita msaliti mbele ya mji. Sema unachotaka nikufanyie."

"Kwa hiyo walipokuja kuwakamata," alisema Mama Carmosina taratibu, "mlikuwa mmepiga magoti."

"Ndiyo."

"Kwa kengele yetu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi mlipiga magoti mbele ya Mungu. Mbele ya Mjerumani hamkupiga. Wala huko kambini hamkupiga, nimesikia asubuhi ulivyosema." Aliwageukia wanawake. "Mmesikia? Hao ndio tuliowalisha. Unga wetu haukuwaendea bure."

Bi Serafina alianza kulia kwa sauti. Bi Ersilia hakulia, lakini alikuwa ameacha kupigania mikono yake. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anawashika wenzake.

"Hao wawili," aliendelea Mama Carmosina, "mama zao wapo hai?"

"Wapo. Wa Tullio yuko Bergamo, wa Gildo yuko kijiji cha jirani hukohuko."

"Wanajua watoto wao walikamatwaje?"

Sajini aliinamisha kichwa. "Niliwaambia tumeuzwa."

"Ukarudi nyumbani kwako ukalala. Wao je?" Mama Carmosina alisimama, na ndipo ikaonekana kwamba ni mfupi sana. "Mimi Donato wangu sijui alikufaje. Sijui nani alikuwa karibu, alisema nini. Ningepewa mtu wa kunisimulia ningempokea hata saa nane za usiku. Na wewe unajua kila kitu, umekaa hapa kusini unatafuta jogoo! Unataka kunifanyia kitu? Nenda kawaambie. Kwa mdomo wako, si kwa posta. Waambie hakuna mtu aliyewauza watoto wao. Mama aliyeambiwa mwanawe kauzwa hapati usingizi, kila anayepita mlangoni anamtilia shaka."

"Nitakwenda, Mama."

"Lini?"

"Nitakapopata nauli ya..."

"Leo," alisema Mama Carmosina.

Nje kulisikika injini inakohoa. Gari la wafungwa la Potenza lilisimama mbele ya kituo, limejaa vumbi, na dereva akashuka na uso wa mtu aliyenyimwa chakula cha Jumapili. Alijaribu kuwapita wanawake waliojaa mlangoni, akajaribu tena, hakuna aliyempisha. Alifika ndani akitweta. Aliangaza macho: wanawake wa nguo nyeusi chungu nzima, Inspekta mmoja, na mwanamume aliyekonda ndani ya koti kubwa, macho mekundu, mikono imelala ubavuni.

"Huyu ndiye mfungwa?"

"Mfungwa hatuna," alisema Salvagni. "Lakini unarudi Potenza, na Potenza kuna treni ya kaskazini. Huyu ni sajini wa jeshi la Italia. Mkalishe mbele."